Matawi ya Ambwene

1

Lori lililomuua Ambwene liliburutwa mpaka gereji Jumanne saa tatu asubuhi, na fundi aliyeagizwa alitengeneze alikuwa Tusekile, dada yake Ambwene, tumbo moja. Jamani, kuna watu wamejaliwa uso mkavu! Bwana Nyalusi, mwenye lori, alishuka garini kwake, akatoa pole ya msiba huku anaangalia matairi, halafu akasema propela, lile bomba la chuma linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, limekatika na mkaguzi wa magari anakuja saa tisa.

"Huna fundi mwingine, bosi?" Tusekile aliuliza. Udongo wa kaburi ulikuwa haujatoka vizuri kwenye viatu vyake.

"Wa Nyati? Kuanzia Iringa mpaka Tunduma fundi wa Nyati ni wewe. Wengine wanabahatisha tu."

Ni kweli, na ukweli huo ulimkera. Nyati yalikuwa malori ya jeshi. Vita vya Ukanda vilipokwisha yalipigwa mnada kama masufuria ya harusi, na Nyalusi akanunua arobaini ya kubebea majani ya chai na mbao. Ukiyatazama kwa nje utasema ni malori tu, makubwa, yamechubuka rangi. Shida yake iko chini ya kiti cha dereva, kwenye boksi lenye ukubwa wa mkate ambalo linaona barabara kwa kamera za mbele, na mafundi wanaliita ubongo. Dereva wa Nyati akikanyaga breki, mguu wake hauendi kwenye breki. Unakwenda kwenye ubongo, kuomba. Ubongo ukikubali, lori linasimama.

"Na kabla mkaguzi hajafika," Nyalusi akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, "toa huo ubongo, ufute wote, uurudishe mtupu."

"Kwa nini niufute?"

"Utaratibu wa kampuni, dada yangu. Usiumize kichwa. Yule mlevi yuko ndani, kesi inakwenda vizuri."

Yule mlevi alikuwa Lukelo, dereva wa lori hili. Tusekile alikuwa amemzaba kibao mbele ya lango la hospitali, watu wote wanaona, na pingu ziko mikononi mwa kijana wa watu. Alimwita muuaji. Alimtukania mama yake. Kisha akaenda kituoni akaandikisha kwamba Lukelo alikuwa ananuka gongo. Alinuka kweli? Siku ile Tusekile alikuwa na hasira kiasi kwamba angeambiwa Lukelo ananuka petroli angekubali vilevile.

Maana Ambwene hakufanya kosa lolote. Lori lake lilikatika kros, kiungo cha propela, katikati ya mteremko wa Msangalufu. Akafanya kama alivyofundishwa na kama kila mtu wa barabara hii anavyofanya: akapanda ukingoni, akakata matawi mabichi, akayapanga barabarani mafungu matatu, hatua thelathini kati ya fungu na fungu, ili anayeshuka ajue mbele kuna gari bovu. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua maana ya matawi barabarani. Ndipo akaingia chini ya lori lake na spana. Nyati la Nyalusi likashuka, likapita juu ya fungu la kwanza, la pili, la tatu.

"Niachie," Tusekile alisema. "Saa tisa utalikuta."

2

Waliingia chini wawili, yeye na Lwitiko. Lwitiko ndiye aliyekuwa mwenzake wa gereji, bingwa wa magiaboksi na difu, mtu mnene mwenye mikono ya kubembeleza nati. Tena alikuwa shemeji yake: mjane wa Ambwene ni dada yake Lwitiko. Kwa hiyo chini ya lori lile hapakuwa na mtu asiye na msiba.

"Shemeji, hebu mulika hapa," Lwitiko alisema.

Propela lilikuwa limekatika karibu na difu, pale katikati ya magurudumu ya nyuma. Lakini halikuvunjika kama chuma kilichogongwa. Lilikuwa limesokotwa. Bomba nene la chuma cha jeshi limezungushwa kama nguo iliyokamuliwa, kisha ndipo likaachia.

Lwitiko alilipapasa kwa kidole gumba.

"Hili halikukatwa na ajali. Ajali inapinda. Kusokotwa namna hii ni injini inavuta kwa nguvu zake zote huku magurudumu ya nyuma yamekamatwa."

"Yamekamatwa na nini? Breki ya mguu inapitia kwenye ubongo. Ubongo hauwezi kuvuta na kushika kwa wakati mmoja."

"Breki ya mkono," Lwitiko alisema. "Ya kamba."

Tusekile aligeuza tochi. Kamba ya breki ya mkono ndicho kitu pekee ndani ya Nyati ambacho ubongo haukigusi. Waliotengeneza waliiacha kwa ajili ya kuegesha tu. Kamba ile ilikuwa imevutwa mpaka nyuzi zimeanza kuchanika. Mtu alikuwa ameivuta kwa mikono miwili, na pengine kwa miguu yote.

"Mlevi," Lwitiko alisema polepole, "havuti breki namna hii."

Mwanga wa tochi ulikuwa umesimama kwenye shingo ya propela, mahali pa alama. Kila fundi ana alama yake. Kabla ya kufungua propela unagonga alama kwa patasi pande zote mbili za kiungo, ili likirudishwa lirudi vilevile. Ukikosea, linapiga kelele na kula kros. Lwitiko hugonga msalaba. Marehemu Ambwene, aliyejitengenezea lori lake, alikuwa akigonga mistari mitatu. Hii hapa ilikuwa nukta mbili na mstari.

"Ni yangu," alisema.

"Wewe umefanya kazi nusu ya Nyati za Nyalusi, shemeji. Ajabu ni nini?"

Ajabu aliijua mwenyewe: propela halifunguliwi bure, hufunguliwa giaboksi inapobadilishwa. Alitoka chini ya lori kwa magoti, akapanda kwenye kiti, akachomoa ubongo, akauchomeka kwenye kompyuta. Alikuwa na hasira, bado hajajua amkasirikie nani.

Ubongo wa Nyati na giaboksi yake vimefungwa pamoja kwa namba ya siri. Wakati wa vita ilikuwa hivyo ili adui akiiba lori na kubadilisha kimoja, lisitembee. Mafundi wanaita ndoa. Giaboksi ikifa ukafunga nyingine, ubongo unaikataa, na lori linabaki pale pale linapumua. Njia halali ya kufungisha ndoa mpya ni kuufuta ubongo na kuufundisha upya, siku tatu za kuzunguka uwanjani. Njia ya mkato ni kuchukua kumbukumbu ya lori lile lililotoa giaboksi na kuimwaga ndani ya ubongo huu. Dakika arobaini, chai haijapoa. Gereji zote zinafanya hivyo. Nyalusi hakuwahi kumpa siku tatu, na yeye hakuwahi kuzidai.

Maandishi yalitokea kwenye kioo. Yalikuwa makavu kama maandishi yote ya jeshi.

Mteremko. Kizuizi barabarani: matawi. Tafsiri: mtego wa adui. Amri: usisimame, ongeza mwendo. Breki ya dereva: imekataliwa.

Breki ya dereva: imekataliwa.

Breki ya dereva: imekataliwa.

Tusekile alihesabu. Mara kumi na moja. Chini kabisa palikuwa na mstari wa asili ya kumbukumbu: imetoka Nyati namba 17, lililoungua vitani, na imehamishwa na fundi Tusekile, mwezi wa pili, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Basi ndiyo hivyo. Huko vitani matawi barabarani yalikuwa na maana yake: nyuma ya matawi kuna bunduki, anayesimama anakufa. Namba 17 lilifundishwa hivyo, likaungua, likawekwa kwenye rundo la vyuma, na Tusekile kwa mikono yake akalifufua akalirudisha barabarani mwa watu wanaokata matawi ili wasaidiwe.

Na alikuwa ameonyeshwa! Hilo ndilo lililomfanya apige ngumi dashibodi mpaka vidole vikatoa damu. Siku ile ile ya ndoa, lori likiwa linanguruma pale uwanjani, Mama Sigala wa mgahawa alipita mbele yake na mzigo wa kuni kichwani, matawi yenye majani bado. Injini ikapanda ghafla, ikapiga kelele, Mama Sigala akaruka pembeni anatukana. Wakacheka wote. Tusekile akasema sailensa imechafuka, akasafisha, akafunga boneti. Akacheka! Mungu wangu, alicheka mpaka akashika kiuno.

3

Nyalusi alirudi saa sita na nusu, kabla ya muda, ana chupa ya maji baridi mkononi. Alikuta ubongo uko juu ya meza, haujafutwa, na Tusekile ameketi mbele yake kama anaulinda.

"Ulijua," Tusekile alisema.

"Nilijua nini?"

"Usinifanye mtoto, bosi! Malori haya yalikuja na makaratasi. Jeshi haliuzi kitu bila makaratasi. Yaliandikwaje?"

Nyalusi alikunywa maji. Mtu mwenye akili angekana. Yeye alishaona kwamba hakuna haja.

"Yaliandikwa kumbukumbu zisihamishwe. Zifutwe. Siku tatu kila lori, malori arobaini, wewe ungelala lini na mimi ningepakia chai lini? Na hakuna aliyekushikia bunduki, fundi. Nilikwambia fungisha, ukafungisha."

"Uliniambia yameshasafishwa!"

"Nilikwambia. Uliona karatasi?" Aliuliza kwa upole, na upole ule ulichoma kuliko tusi. "Hukuiomba. Sasa nisikilize, maana nakuheshimu. Propela lina alama yako. Ubongo una jina lako. Mimi nitasema niliajiri fundi, fundi akaharibu. Ukifungua mdomo unajifunga mwenyewe, na gereji inapigwa kufuli. Ukinyamaza, aliyekuwa ameshika usukani siku ndugu yako alipokufa anafungwa. Wewe mwenyewe si ulitaka hivyo? Si ulimzaba kibao?"

Tusekile alisimama. Alikuwa mrefu kumzidi, na alikuwa ameshika spana ya ishirini na nne bila kujua ameishika.

"Toka kwenye gereji yangu."

"Saa tisa," Nyalusi alisema, akatoka. "Mtupu."

Lwitiko alikuwa amesikia yote akiwa nyuma ya difu. Alikuja akifuta mikono kwa kitambaa, anafuta tu hata grisi ilipokwisha.

"Ni watoto watatu, shemeji," alisema. "Dada yangu hana kazi. Wanakula hapa, kwenye hizi spana. Wewe ukiingia ndani, mimi peke yangu siujui ubongo, najua vyuma tu. Yule kijana hana mke wala mtoto."

"Ana mama. Nimemtukana mama yake."

"Nasema tu."

"Unasema tumwache afungwe."

"Nasema Ambwene harudi!" Lwitiko alipaza sauti, kisha akaketi kwenye tairi na kujifunika uso kwa kile kitambaa kichafu. "Akitoka yule, wewe unaingia, na Ambwene harudi. Faida yake ni nini? Niambie, mimi ni mjinga, niambie."

Tusekile alikuwa na hasira na Lwitiko kwa kusema kile ambacho yeye mwenyewe alikuwa ameshakiwaza tangu saa nne. Kufuta ni kubonyeza kitufe kimoja. Angebonyeza, hakuna binadamu duniani ambaye angejua ni nani aliyemwaga vita ndani ya lori lile. Watoto wa Ambwene wangeendelea kumwita shangazi. Kesho asubuhi angewapelekea maandazi, wangemkimbilia, na angewatazama usoni.

Aliinua macho. Ukutani, kwa chaki, palikuwa na orodha yake ya ndoa, namba ya lori na namba ya giaboksi, kama alivyozoea kuandika ili asichanganye. Tisa. Namba 4, namba 9, namba 12, akaendelea mpaka chini, mbali na hili lililomuua Ambwene. Tisa alizofunga kwa dakika arobaini kila moja. Malori hayo yalikuwa barabarani wakati ule ule, yanapandisha na kushuka, na kila siku ya Mungu, mahali fulani kwenye milima hii, mtu anaharibikiwa gari na kwenda kukata matawi.

"Lwitiko," alisema, "tuna propela la akiba?"

"Lipo la namba 22."

"Lifunge. Halafu leta jeki zote na magogo. Nalitaka juu, magurudumu yote sita yasiguse chini."

Lwitiko alikuwa bado ana machozi, na alikuwa amekasirika, lakini alikwenda kuleta jeki.

4

Mkaguzi Msemwa alikuwa mzee mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni, mtu wa kusoma kila karatasi mara mbili. Alifika saa tisa kamili. Nyalusi alikuwa ameshafika, na alipoliona lori liko juu ya magogo, na ubongo umerudishwa mahali pake, alitabasamu.

Tusekile alimpa mkaguzi kompyuta asome. Mzee akasoma, akarudia.

"Bwana Mkaguzi," Nyalusi aliwahi, na tabasamu lilikuwa limekwisha, "huyu ni dada wa marehemu. Ana uchungu. Na huyu ndiye fundi wa kompyuta. Maandishi anaweza kuyaandika mwenyewe, hata sasa hivi tukiwa tumekaa hapa."

"Hilo ni kweli, binti," Msemwa alisema. "Maandishi peke yake siwezi kuyapeleka popote."

"Nilijua. Panda, mzee wangu. Kaa kwenye kiti cha dereva."

Msemwa alipanda, akaweka kalamu zake vizuri, akashika usukani. Tusekile akawasha injini kutoka dirishani, akaingiza gia. Magurudumu sita yakaanza kuzunguka hewani taratibu, na propela jipya likazunguka katikati yake bila kelele. Alama ilikuwa imegongwa sawasawa.

"Kanyaga breki."

Mzee akakanyaga. Magurudumu yakasimama.

"Linasimama," Nyalusi alisema. "Si mnaona?"

"Achia, mzee wangu. Sasa subiri."

Tusekile alikwenda nyuma ya mgahawa wa Mama Sigala na panga. Alikata matawi ya mkaratusi kwa hasira, akikata hata yasiyohitajika, akarudi nayo kifuani. Alisimama mbele ya lori, hatua ishirini, akayapanga chini fungu la kwanza kama Ambwene alivyokuwa akiyapanga, shina upande wa kulia. Injini ikabadilika sauti. Akapanga la pili. Injini ikapanda, magogo yakaanza kulia, Lwitiko akasogea nyuma na kumvuta Nyalusi kwa kola. Akapanga la tatu.

"Kanyaga breki!" alipiga kelele.

"Nimekanyaga!" Msemwa alipiga kelele kutoka ndani. Magurudumu yalikuwa yanazunguka kasi mpaka huwezi kuona nati. "Nimekanyaga, haishiki! Binti, haishiki!"

"Kanyaga tena!"

"Mguu wote! Haishiki! Zima! Zima!"

Tusekile alisimama nyuma ya matawi, mbele ya lile dude linalonguruma, akilitazama kwenye macho yake ya kioo. Liliona matawi. Liliona mtu nyuma ya matawi. Lilikuwa linamtaka. Ambwene hakuliona, alikuwa chini, amelala chali, ameshika spana, akisikia lori linakuja na akijua kwamba ameweka matawi, kwa hiyo yuko salama, litasimama.

Alitembea hadi dirishani, akakata waya wa pampu ya mafuta kwa koleo. Kimya kikaja.

Mkaguzi Msemwa alishuka kwa shida. Kalamu mbili zilikuwa zimeanguka na hakuziokota. Suruali yake ilikuwa imelowa jasho magotini.

"Nani alifunga ubongo huu?"

Nyalusi alifungua mdomo. Lwitiko akawahi, akasema, "Bwana Mkaguzi, gereji ni yetu sote—"

"Nyamaza, shemeji," Tusekile alisema. "Mimi. Nukta mbili na mstari, tazama kwenye propela lililokatika, liko pale. Huyu bwana aliniambia kumbukumbu zimesafishwa, na anayo karatasi inayosema nisizihamishe, muulize aliificha wapi. Lakini mkono ni wangu. Na siku ile lilinionyesha, nikacheka." Alionyesha ukuta. "Namba ziko pale. Tisa. Yasimamishe kabla jua halijazama, mzee wangu, nakuomba. Mimi nitakwenda mwenyewe kituoni, wala usinishike."

Msemwa alikuwa ameshashika redio ya mawasiliano mkononi. Alisoma namba za ukutani moja moja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ukaguzi hakurudia kusoma.

5

Saa kumi na moja na nusu, kituoni, Tusekile aliandika maelezo mapya. Alianza na lile la gongo. Aliandika kwamba hakunusa kitu, kwamba alisema kwa sababu alitaka mtu wa kumchukia, na kwamba maelezo yake ya kwanza yachanwe. Karani alimwambia hayachanwi, yanabaki kwenye faili pamoja na haya. Akasema sawa.

Malori saba yalikuwa yameshasimamishwa. Mawili yalikuwa bado yanatafutwa upande wa Mafinga, na kila redio ya kaunta ilipokoroma aligeuka kusikiliza.

Aliambiwa avue mkanda na viatu. Pale pale kaunta, Lukelo alikuwa anarudishiwa vyake, aende nyumbani mpaka atakapoitwa. Alikuwa amekonda. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa na vidonda virefu vilivyoanza kukauka, mahali kamba ya breki ilipopita. Vidonda hivyo vilikuwepo siku ile ya hospitali, mikono imefungwa pingu mbele ya macho yake, na hakuvitazama.

"Nipige," Tusekile alimwambia. "Mbele ya watu hawa. Mimi nilikupiga mbele ya watu."

Lukelo alitikisa kichwa. Alikuwa anajaribu kufunga viatu na vidole vilikuwa havikunjiki vizuri. Tusekile akapiga magoti, miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji, akamfungia kamba za viatu, kimoja, cha pili. Kijana hakumzuia.

"Ulikanyaga breki mara kumi na moja," Tusekile alisema akiwa bado pale chini. "Nimeisoma. Nimeiandika kwenye faili, kila mtu ataisoma. Mara kumi na moja."

"Kumi na mbili, mama," Lukelo alisema. "Ya mwisho nilikanyaga likiwa limeshasimama."